Kujua Jina la Ugonjwa Si Kuukiri

Maandiko ya kusoma: Warumi 4:18-21, Walawi 13:1-8, 2 Wafalme 20:1-7



Kuna swali ambalo huulizwa sana katika ushirika wetu wa nyumbani, na mara nyingi huulizwa kwa sauti ya chini baada ya maombi, watu wakinywa chai. Mtu aliyeokoka akiambiwa na daktari kwamba ana kisukari, ama presha, ama kansa, je, akilitaja jina hilo kwa kinywa chake atakuwa ameukiri ugonjwa? Na akikaa chini kutaka kuelewa ugonjwa wenyewe ni nini, unafanya nini mwilini, na dawa yake inafanya kazi vipi, hapo si amekubali tayari kuwa mgonjwa? Wengine husema heri asijue. Akijua ataogopa, na akiogopa imani itaondoka.

Sitaki kulipuuza swali hili, kwa sababu wanaouliza wanajua Neno. Wanaijua Mithali 18:21, kwamba ulimi una uwezo juu ya uzima na mauti. Tumewaona watu waliosema kila siku kwamba wao ni wa kufa tu, na wakaacha hata kula. Kwa hivyo mama akisema, "Wanasema niko na sukari, lakini mimi sipokei," usimcheke. Anapigana vita vyake kwa silaha aliyopewa.

Hata hivyo naomba tuichunguze hiyo silaha. Tunapokataa kujua, ni imani inayokataa ama ni woga? Kwa nje vinafanana sana. Mwenye imani anasema "sitaogopa." Mwenye woga anasema "usiniambie." Mmoja anaweza kusikia neno lote mpaka mwisho na bado akasimama. Mwingine anaziba masikio kabla neno halijaisha.

Ibrahimu alijua umri wake

Tuanze na baba wa imani. Katika Warumi 4:19 Paulo anaeleza jinsi Ibrahimu alivyoishika ahadi ya mtoto. Biblia zetu za Kiswahili zinatuonyesha mzee wa karibu miaka 100 akiitafakari hali ya mwili wake na ya tumbo la Sara, na bado imani yake haikudhoofika. Najua iko Biblia ya Kiingereza ya zamani, ile ya mwaka 1611, inayosema kwamba hakuutafakari mwili wake, na mahubiri mengi yamejengwa hapo. Tofauti hiyo imetoka kwa nakala za kale za Kigiriki: nyingine zina neno la kukanusha na nyingine hazina. Lakini ukisoma Mwanzo 17:17 shaka inaisha. Ibrahimu alicheka, akajiuliza moyoni kama mtu wa miaka 100 atapata mtoto. Hesabu aliijua. Kama angekuwa hajui umri wake, angekuwa ameamini nini? Tungesema tu kwamba hakuwa na habari.

Mfalme Hezekia naye aliambiwa wazi kabisa. Nabii Isaya alimwambia atengeneze mambo ya nyumba yake maana atakufa. Hezekia hakumfukuza nabii ati kwa kumtamkia mauti. Aligeukia ukuta akaomba na kulia, na Mungu akamwongezea miaka 15. Halafu angalia jinsi uponyaji ulivyokuja: Isaya huyo huyo akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Habari mbaya, maombi, ahadi na dawa, vyote viko katika aya saba, na hakuna kimoja kinachomfukuza mwenzake.

Kuna ndugu watanikumbusha mfalme Asa, 2 Nyakati 16:12, ambaye aliugua miguu akawaendea waganga. Ni kweli. Lakini soma vizuri kosa lake. Hakumtafuta Bwana hata katika ugonjwa wake. Hilo ndilo lililoandikwa dhidi yake. Luka alikuwa tabibu, na Paulo katika Wakolosai 4:14 anamtaja kwa upendo.

Andiko ambalo hatulihubiri sana ni Walawi 13. Ni sura ndefu, na watu huiruka. Lakini tazama kuhani anafanya nini pale. Hatoi unabii juu ya mgonjwa. Anatazama. Anaangalia rangi ya nywele, anaangalia kama kidonda kimeingia ndani kuliko ngozi, anamtenga mtu siku saba, kisha anamtazama tena. Na wako ambao mwishoni anawaambia ni kipele tu, nenda zako, ufue nguo zako. Kumbe jina sahihi la ugonjwa linaweza kumrudisha mtu nyumbani kwake. Bwana Yesu alipowaponya wale wakoma kumi, Luka 17:14, aliwatuma wajionyeshe kwa makuhani. Muujiza wake haukuogopa kupimwa.

Maneno yanayotuchanganya

Katika huduma ya kutembelea wagonjwa, kuanzia Embu na Runyenjes mpaka Chuka, Nkubu na Meru mjini, nimeona kwamba hofu nyingi haitoki kwa ugonjwa. Inatoka kwa neno ambalo mtu amelisikia nusu. Acha nichukue machache tuliyozoea kuyasikia kliniki.

Kuna pozitivu na negativu. Kanisani tukisikia pozitivu tunafikiria jambo jema. Maabara haisemi hivyo. Pozitivu maana yake kile walichokuwa wanakitafuta wamekipata. Negativu maana yake hawakukipata. Nimemwona mama akitoka maabara akimshukuru Mungu kwa sauti kwamba kipimo cha TB kimekuwa pozitivu, mpaka muuguzi akamwita kando. Na nimemwona kijana aliyeambiwa negativu akainama kichwa.

Kuna kroniki. Watu wengi hudhani ni ugonjwa ambao umeshindikana. Sivyo. Neno hilo mzizi wake ni lile neno la Kigiriki la wakati ambalo liko hata katika Agano Jipya. Maana yake ugonjwa unaokaa muda mrefu, basi. Pumu inaweza kuitwa kroniki na mtu akafuga wajukuu. Kinyume chake ni akyuti, yaani ugonjwa uliokuja ghafla. Nimonia inaweza kuwa akyuti na ikaua kwa siku chache, ama ikapona kabisa. Maneno yote mawili yanahusu muda. Hayasemi nani atakufa.

Kuna uvimbe. Si kila uvimbe ni kansa. Daktari akisema anataka biopsi, anataka kutoa kipande kidogo cha nyama kitazamwe kwa darubini ndio ajue. Huo ni uchunguzi, si hukumu. Na wakikwambia kansa iko hatua ya pili ama ya tatu, wanakueleza imefika wapi mwilini. Hawakuhesabii miezi.

Kuna sukari. Kile kipimo wanachokiita cha miezi mitatu kinaangalia sukari iliyojishika kwenye chembe nyekundu za damu, na chembe hizo huishi kama siku 120. Ndiyo sababu mtu akila vizuri siku mbili tu kabla ya kliniki, kipimo cha asubuhi kinaweza kushuka, lakini hiki kingine kitamwambia daktari ukweli. Wengi pia wanaogopa insulini, ati ukipewa hiyo umefika mwisho. Insulini ni kitu ambacho mwili wenyewe hutengeneza. Kabla haijapatikana kule Toronto, Kanada, mwaka 1921, mtoto aliyepata kisukari cha utotoni alikufa, hakuna mzazi aliyeweza kumsaidia. Januari 1922 ilidungwa mtoto wa kwanza. Mimi nikiiona ile chupa ndogo, namshukuru Mungu.

Na kuna kifafa. Hapa lazima tuseme kwa upole, kwa sababu watoto wetu wameumia. Iko habari ya kijana katika Marko 9 ambaye Bwana alimtoa pepo, nami naiamini. Lakini Mathayo 4:24 inapotaja watu walioletwa kwa Yesu, inawataja wenye pepo, halafu inawataja wenye kifafa kando. Mathayo hakuwachanganya, nasi tusiwachanganye. Kifafa ni hitilafu ya umeme wa ubongo. Kinaweza kuletwa na mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, na kuumia kichwa, na malaria iliyoingia kichwani, na hata mayai ya minyoo ya tegu wa nguruwe. Shirika la Afya Duniani linasema karibu watu 70 kati ya 100 wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata dawa inayofaa na kuinywa sawasawa. Mtoto aliyeombewa miaka mitano bila kupelekwa kliniki amepoteza miaka mitano ya shule.

Ndugu aliyeshuhudia

Sasa nitaje jambo ambalo limenifanya niandike haya. Katika ushirika mmoja niliozoea kutembelea kulikuwa na ndugu, dereva wa matatu katika barabara ya Embu na Meru. Alipimwa presha akapatikana iko juu. Akapewa tembe, akazinywa kwa uaminifu miezi miwili. Aliporudi kupimwa, namba zilikuwa sawa kabisa. Jumapili akasimama akashuhudia kwamba Bwana amemponya, na kanisa likapiga vigelegele. Akaacha dawa. Baada ya miezi kadhaa aliamka asubuhi, mkono na mguu wa kulia haviinuki, na maneno hayatoki. Ilikuwa kiharusi. Bado huja ibadani. Mke wake humshikia kitabu cha nyimbo.

Ndugu huyu hakudanganya madhabahuni. Alishuhudia kwa moyo safi kile alichokijua. Lakini hakuna mtu aliyekuwa amemweleza jambo moja dogo: kwamba namba zilikuwa sawa kwa sababu dawa ilikuwa inafanya kazi. Dawa nyingi za presha haziondoi ugonjwa. Zinaushikilia chini. Ukiziacha unainuka tena, na unainuka kimya kimya, kwa sababu presha kwa kawaida haiumi. Mtu anaweza kuwa na 170 kwa 100 na akaenda shamba kuchuma majani chai akiimba.

Hizo namba mbili nazo tuzielewe. Ya juu ni nguvu ya damu wakati moyo unasukuma. Ya chini ni wakati moyo umepumzika kati ya pigo moja na lingine. Ikikaa 140 kwa 90 ama zaidi, ikipimwa siku tofauti, daktari ataiita presha ya juu. Siku moja peke yake haitoshi, maana hata kupanda ngazi ama kugombana na kondakta kunaweza kuipandisha.

Swali langu ni hili. Yule ndugu angeambiwa na kuelewa, imani yake ingepungua? Mimi naona angekuwa na ushuhuda mkubwa zaidi. Angesimama aseme, "Bwana amenihifadhi, presha imeshuka, ninaendelea na dawa, na daktari ananiangalia. Siku daktari akisema niache, nitarudi hapa kuwaambia." Kanisa lingeitikia amina ile ile. Kama Mungu amemponya mtu kabisa, kipimo kitaonyesha, na daktari mwenyewe ataipunguza dawa. Tuwatume watu wetu wajionyeshe kwa makuhani, kama Bwana alivyofanya.

Hapa kwetu tunao mfano wa njia ile nyingine. Upande wa Tharaka na maeneo jirani wako watu wanaojulikana kama Kavonokia, jina ambalo limetoka kwa neno la wokovu katika lugha zetu. Kwa miaka mingi wamekataa hospitali, dawa na chanjo za watoto. Siwataji ili tuwacheke. Wengi wao wana bidii ya maombi kutuzidi. Nawataja kwa sababu hakuna mtu anayefika huko kwa siku moja. Anaanza kwa kukataa jina, kisha anakataa kipimo, kisha anakataa tembe, na mwishowe anayelipa ni mtoto mdogo ambaye hakuulizwa anaamini nini.

"Tusimwambie mama"

Wako watakaosema: lakini neno linaua. Tulimjua mzee fulani, alikuwa anatembea vizuri, alipoambiwa tu kansa akaisha kwa wiki mbili. Nimesikia hadithi hiyo mara nyingi, na mara nyingine ni ya kweli. Hata hivyo tuulize, huyo mzee aliambiwa lini, na aliambiwa vipi? Kansa ya umio, yaani njia ya chakula, ni mojawapo ya zinazoua watu wengi zaidi Kenya, na huku kwetu tumezika watu wengi kwa sababu yake. Nayo dalili zake huja hatua kwa hatua. Githeri inaanza kukwama. Mtu anaihamia ndizi na viazi. Baadaye hata ugali laini haushuki, anabaki na uji. Mara nyingi anayefika hospitali wakati wa uji amechelewa. Neno halikumuua. Lilimkuta akiwa peke yake, limesemwa kwa lugha asiyoijua, katika chumba ambamo watu kumi wengine wanangoja zamu.

Ndiyo sababu nataka tuzungumze juu ya kazi ya mtafsiri. Shosho wa Igembe ama wa Mbeere anaingia kwa daktari. Daktari anaongea Kiingereza kilichochanganywa na Kiswahili. Shosho anajua Kimeru, ama Kimbeere. Katikati amekaa mjukuu wa miaka kumi na tisa. Daktari anasema maneno mengi, mjukuu anamgeukia na kusema, "Shosho, amesema ni kidonda tu, utapona." Shosho anashukuru. Anarudi nyumbani. Miezi minne baadaye mwili unamwambia ukweli ambao watu wake walimficha, na sasa hana nguvu ya kugawa shamba, wala ya kupatana na ndugu yake waliyekosana tangu mwaka wa ukame, wala ya kuaga.

Najua mjukuu alifanya hivyo kwa upendo. Lakini upendo unaomfanya mtu mzima kuwa mtoto mchanga una kasoro. Hezekia aliambiwa atengeneze nyumba yake. Kama Isaya angemwonea huruma na kunyamaza, Hezekia angegeukia ukuta lini? Yale maombi tunayoyasoma yasingekuwepo.

Sisemi kila mgonjwa alazimishwe kusikia kila kitu. Wako ambao kwa hiari yao hawataki maelezo mengi, na hiyo ni haki yao. Njia ya heshima ni kumuuliza mwenyewe, kabla ya kuingia kwa daktari: "Mama, ungependa daktari akwambie wewe mwenyewe, ama atuambie sisi watoto?" Ukimuuliza, umemheshimu. Ukimwamulia, umemnyang'anya kitu chake. Mwili ni wake, na siku zake ni kati yake na Mungu.

Sheria ya nchi yetu iko upande huo. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inasema mgonjwa ana haki ya kuelezwa hali ya afya yake, vipimo na matibabu yaliyopo, faida zake, hatari zake na gharama. Tena inamtaka mhudumu, pale inapowezekana, aeleze kwa lugha ambayo mgonjwa anaielewa na kwa namna inayolingana na kiwango chake cha kusoma. Kwa hivyo ukisema, "Daktari, samahani, sijaelewa, nieleze tena polepole," hujamkosea adabu. Umeomba kilicho chako. Na kama amekueleza vizuri, mshukuru, maana wengi wao wanahudumia foleni ndefu na hawajala tangu asubuhi.

Kanisa lifanye nini?

Wazee wetu walioleta Injili huku hawakutenganisha mambo haya. Misheni ya Chogoria ilianza mwaka 1922 chini ya daktari Mskoti, Archibald Irvine, na kanisa, shule na hospitali vikakua pamoja. Wamethodisti wakafanya vivyo hivyo Maua, na Wakatoliki wa Consolata Nkubu. Tunaweza kutofautiana nao katika mafundisho fulani, lakini wengi wetu tulizaliwa katika wodi zao, ama mama zetu walizaliwa humo.

Naona sisi kama kanisa tuna kazi nne, na zote hazihitaji pesa.

Kwanza, tusimwongoze mtu kuacha dawa. Mchungaji hana mamlaka hayo, mzee wa kanisa hana, na kiongozi wa maombi hana. Tukimwombea mtu, tumwombee pamoja na dawa yake, na tumwambie hivyo waziwazi.

Pili, tutumie watu tulio nao. Katika kila kanisa letu yuko muuguzi, ama mtu wa maabara, ama mhudumu wa afya ya jamii. Tangu mwaka 2023 serikali imewapa hao wahudumu wa jamii mikoba yenye mashine za kupima presha na sukari. Badala ya kumwacha mgonjwa aulize kwa kemisti ama kwa jirani, tumwombe dada huyo akae dakika 20 baada ya ibada, awaeleze watu karatasi zao kwa Kimeru, Kiembu ama Kiswahili, kila mtu kwa lugha aliyomnyonyea mama yake.

Tatu, tutunze siri. Kujua jina la ugonjwa wako hakukulazimishi kulitangaza. Mwingine anaogopa kwenda kupimwa kwa sababu anajua kwamba Jumatano habari zake zitakuwa ombi la kikundi cha akina mama, na Ijumaa zitakuwa sokoni. Ombi la maombi lisiwe mlango wa umbea. Ukiombwa kuombea, omba. Usipitishe.

Nne, tumfundishe kila mtu kwenda na maswali yake yameandikwa. Ugonjwa wangu unaitwaje, na kwa lugha yetu ni nini? Umeletwa na nini? Dawa hii inaponya ama inashikilia? Nitainywa mpaka lini? Ni dalili gani nikiiona nirudi haraka bila kungoja siku ya kliniki? Mtu akitoka na majibu hayo matano ataomba kwa akili na kwa roho, kama Paulo anavyosema katika 1 Wakorintho 14:15.

Narudi sasa kwa lile swali la kwanza, kwa sababu linastahili jibu wazi. Kukiri ni kusema ni nani bwana wako. Kutaja ni kusema ni kitu gani kiko mbele yako. Daudi alimtaja Goliathi bila kumwabudu, na alijua vizuri urefu wake, maana jeshi zima lilikuwa linaongea juu yake siku 40. Mtu akisema, "Niko na kisukari, na Yesu ni Bwana," hajajipinga. Amesema mambo mawili, na yote mawili ni kweli. La kwanza litamsaidia kujua ale nini na ameze nini. La pili litamshika usiku, wakati usingizi hauji na karatasi ya maabara iko chini ya mto.

Mungu wetu hahitaji tufunge macho ndipo atende. Ukweli wote wa mwili wako anaujua tangu zamani. Unapoenda kuujua wewe, unaenda mahali ambapo yeye ameshafika.

Tuombe: Baba, tupe moyo wa kusikia neno lote bila kukimbia. Wape waganga wetu subira ya kueleza, na wanaotafsiri midomo ya kweli. Waponye wagonjwa walio kati yetu, kwa mkono wako na kwa mikono uliyoifundisha kazi. Katika jina la Yesu, amina.

Ya kujadili katika ushirika wiki hii:
1. Kuna tofauti gani kati ya kutoogopa ugonjwa na kutotaka kuujua?
2. Ukiwa mtafsiri wa mzazi wako hospitalini, una ruhusa ya kubadilisha maneno ya daktari? Kwa nini?
3. Ushuhuda wa uponyaji utolewe lini, na nani athibitishe?